Mota Inaunguruma, Haizunguki: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kuipeleka Kusukwa

Mota iliyoungua ikifika kwa fundi, mwenye mali huuliza mambo mawili: itasukwa kwa bei gani, na itakuwa tayari lini. Swali la kwanza lingekuwa: imeungua kwa nini? Koili zinaweza kusukwa kwa waya safi na vanishi nzuri, lakini mota ikirudishwa kwenye laini ileile yenye fezi (mmoja wa nyaya zinazoleta umeme) iliyolegea, au kwenye kinu kilekile chenye chekeche lililoziba, itaungua tena kabla gharama ya kwanza haijarudi. Nazungumza na wenye mashine za kusaga Igoma na Buhongwa jijini Mwanza, wenye vinu vya mpunga Magu na Misungwi, wanaoendesha pampu za kumwagilia pembeni mwa Ziwa Victoria, na wenye mitambo ya barafu ya samaki. Malalamiko nimeyapanga jinsi yanavyoletwa. Katika kila moja nimeanza na chanzo kinachopatikana mara nyingi zaidi na kipimo kisichohitaji kufungua kitu.

Kabla ya kugusa chochote

Zima swichi kuu, chomoa fyuzi, ziweke mfukoni mwako. Siyo juu ya meza wala mkononi mwa kijana wa mashine, kwa sababu mteja mwenye haraka akiuliza "mbona hamsagi?" mtu anaweza kuzirudisha wewe ukiwa umeshika nyaya. Halafu pima kwa mita kuhakikisha umeme haupo. Pima kwanza mahali penye umeme uone mita inafanya kazi, kisha pima unapotaka kugusa, kisha rudi tena penye umeme. Tesita ya bisibisi haitoshi kwa kazi hii.

Mota ya njia moja (ya fezi moja) ina kepasita, nayo hubaki na chaji hata umeme ukiwa umezimwa. Itoe chaji kwa kuunganisha ncha zake kupitia balbu ya kawaida au rezista, siyo kwa kugusanisha bisibisi.

Vipimo vyote vinavyofanywa umeme ukiwa umewashwa ni kazi ya mtu aliyefundishwa. Kama hujawahi kupima paneli ya njia tatu, soma uelewe, kisha mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Mita ya umeme, nguzo na transfoma ni mali ya TANESCO. Hapo fundi wa mtaani haruhusiwi kugusa, hata akiwa hodari namna gani.

Soma pia kibati cha mota. Kina volti, ampea, kasi na namna ya kuunga. Mota ya nguvu za farasi 20, yaani kilowati 15, kwenye volti 400 hula karibu ampea 29 ikibeba mzigo wake wote. Usipoijua namba ya kibati, klampu mita (mita ya kubana waya na kusoma ampea) haitakwambia kitu.

"Inaunguruma tu, haizunguki"

Zima mara moja. Mota iliyosimama ikiwa na umeme hunyonya mara tano hadi nane ya ampea zake za kawaida, na feni haizunguki kuipoza. Kuwasha na kuzima mara nyingi ukitumaini itashtuka ndiko kunakoimaliza.

Kwa mota ya njia tatu, chanzo namba moja ni fezi iliyopotea. Fyuzi moja imekatika, waya umelegea kwenye kichwa chake, au ncha moja ya kontakta (swichi ya sumaku inayowasha mota) imeungua haigusi. Wengi hukosea kwenye kupima. Wanapima kila fezi na nyutro, mita inaonyesha volti kwenye zote tatu, wanasema umeme upo. Lakini mota ikiwa imeungwa, volti za fezi nzima hupita ndani ya koili na kurudi kwenye waya uliokufa, na mita inasoma kitu. Pima fezi kwa fezi: ya kwanza na ya pili, ya pili na ya tatu, ya tatu na ya kwanza. Zote zikaribiane na 400.

Pima kwa kufuata njia ya umeme, hatua kwa hatua: juu ya swichi kuu, chini ya fyuzi, juu ya kontakta, chini ya kontakta, mwisho kwenye kisanduku cha mota. Mahali ambapo jozi mbili zinaanguka ghafla na moja inabaki nzima, ugonjwa uko kati ya hapo na ulipotoka. Kipimo hiki kimeokoa mota nyingi zilizokuwa zimeshafunguliwa boliti bila kuwa na kosa. Kama fezi haipo tangu kwenye mita ya umeme, simama hapo. Toa taarifa TANESCO, na mota isiwashwe mpaka irudi.

Umeme ukiwa kamili, toa mkanda, zungusha puli ya mota kwa mkono umeme ukiwa umezimwa. Ikizunguka laini, geukia kinu. Mahindi mabichi au udaga (muhogo wa kusaga) usiokauka hushikamana ndani na kukaba nyundo, na beringi ya kinu ikifa hukaza shafti nzima. Puli ya mota ikikwaruza au ikikataa, beringi za mota zimekufa au rota (sehemu inayozunguka) inagusa stata (sehemu iliyosimama yenye koili). Mota hiyo haiwashwi tena.

Sababu ya tatu ni umeme mdogo, ambao mwenye mashine wa kijijini anaujua sana jioni. Nguvu ya mota ya kuvuta hushuka kwa mraba wa volti. Volti zikishuka kutoka 400 hadi 340, yaani asilimia 85, nguvu ya kuanza inabaki kama asilimia 72. Mota inayowaka vizuri saa nne asubuhi ikagoma saa moja usiku haina ugonjwa ndani yake. Chini ya volti 360, subiri.

Mota ndogo za njia moja zina kisa chao. Zikiunguruma, mara nyingi ni kepasita. Wapo wanaozungusha shafti kwa mkono huku umeme umewashwa, ikishika wanasema kepasita imekufa. Jibu ni sahihi lakini njia yenyewe imeshakata vidole vya watu. Badilisha kepasita kwa nyingine yenye mikrofaradi zilezile na volti zilezile au zaidi, ujue. Kepasita iliyovimba au kuvuja mafuta haihitaji kupimwa. Na usichanganye ya kuanzia na ya kuendeshea: ya kuanzia imetengenezwa kwa sekunde chache tu, ukiiacha kwenye laini muda wote hupasuka. Kepasita mpya ikishindwa, tazama swichi ya ndani iliyo nyuma ya shafti. Unga au kutu huifanya isirudi mahali pake.

"Inawaka, baada ya muda inakata yenyewe"

Hiyo ni rilei ya ovalodi, inayokata umeme ampea zikizidi, ikifanya kazi yake. Ombi ninalolichukia kuliko yote ni hili: "Fundi, ipandishe kidogo isisumbue." Ukipandisha namba ya rilei juu ya ampea za kibati, au ukiiruka kwa kipande cha waya, umeondoa kitu pekee kilichokuwa kinailinda mota. Hapo kinachobaki ni kusubiri harufu.

Anza na mzigo. Chekeche limeziba, nyundo zimeisha zinaponda badala ya kupiga, mahindi yanalishwa kwa pupa, mkanda umekazwa mno. Funga klampu mita kwenye waya mmoja wa mota, washa bila mahindi, kisha lisha kidogo kidogo. Ampea zikipita za kibati wakati wa kulisha tu, mota ni nzima, kinu kinaomba matengenezo. Kwa kawaida hatua hii inatosha.

Zikiwa juu hata bila mzigo, linganisha fezi tatu. Chukua volti 400, 392 na 378. Wastani ni 390, na iliyo mbali zaidi imepungua 12, sawa na kama asilimia 3. Inaonekana ndogo, lakini tofauti ya volti huzaa tofauti ya ampea iliyokuzwa mara sita hadi kumi, kwa hiyo fezi moja inaweza kubeba zaidi ya wenzake kwa asilimia 20 au 30. Koili za fezi hiyo ndizo zinazopika. Tofauti ya volti ikifika asilimia 5, usiendeshe.

Sasa, je, kosa ni la laini au la mota? Fundi azime, ahamishe nyaya zote tatu hatua moja: wa kwanza uende nafasi ya pili, wa pili ya tatu, wa tatu ya kwanza. Mwelekeo wa kuzunguka haubadiliki. Apime tena. Ampea kubwa ikibaki kwenye laini ileile ya umeme, kosa linatoka nje: fyuzi, kiungo kilicholegea, au mashine kubwa ya njia moja iliyoning'inizwa kwenye fezi moja na jirani. Ikihama pamoja na koili, kosa liko ndani ya mota. Hakuna kipimo kingine cha bei ndogo kinachomaliza ubishi namna hii.

Kwa mota zinazowashwa kwa nyota kisha pembetatu (namna mbili za kuunga koili za fezi tatu), angalia rilei imewekwa wapi. Ikiwa kwenye waya za koili baada ya kontakta, inabeba asilimia 58 tu ya ampea za laini, kwa hiyo mota ya ampea 29 inawekewa karibu 17. Nimeona paneli zenye rilei hiyo imewekwa 29 kamili, na mwenye mashine anaamini amelindwa.

"Inachemka" au "inanuka"

Joto la kawaida la ganda la mota linaweza kuunguza mkono na bado mota ikawa salama, kwa hiyo usihukumu kwa kiganja. Koili zenye insulesheni ya daraja F zimetengenezwa kustahimili nyuzi 155. Lakini kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 zinazozidi kiwango hupunguza umri wa insulesheni kwa nusu, na joto linalopanda taratibu ndilo linalokula mota za mashine za unga.

Chanzo cha kwanza ni vumbi. Unga wa dona hukaa kati ya mapezi ya ganda na kwenye matundu ya kava ya feni, ukipata unyevu unagandana. Mota imevishwa blanketi. Piga brashi kila wiki, usisubiri msimu uishe. Angalia pia kama feni ya nyuma ipo. Feni zikivunjika watu huondoa vipande na kuendelea kusaga.

Chanzo cha pili ni kuunga vibaya, na hapa nawaonya wanaonunua mota za mtumba. Kibati kikiandika 230/400, kwenye umeme wetu wa njia tatu iungwe nyota. Kikiandika 400/690, iungwe pembetatu. Ukiunga ya kwanza kwa pembetatu inaungua kwa dakika. Ukiunga ya pili kwa nyota inawaka kwa upole, kila mtu anafurahi, halafu ukilisha mahindi inachoka na kuchemka kwa sababu ina theluthi tu ya nguvu zake. Angalia na hezi (mizunguko ya umeme kwa sekunde). Mota ya hezi 60 iliyotoka nchi nyingine inazunguka kwa kasi ndogo kwenye hezi 50 zetu, na huweza kupata joto zaidi hata bila mzigo mkubwa.

Kuna jambo la mahali petu ambalo kibati hakilisemi waziwazi. Viwango vya kimataifa vya mota vinahesabu kwamba itafanya kazi mahali pasipozidi mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa isiyozidi nyuzi 40. Uso wa Ziwa Victoria wenyewe uko karibu mita 1,134. Hewa ni nyepesi kidogo, inapoza kidogo pungufu. Tofauti si ya kutisha, lakini mota inayobanwa hadi ampea ya mwisho ya kibati, ndani ya banda la bati lisilo na dirisha, haina akiba yoyote. Toboa ukuta, weka dirisha.

Ukisikia harufu ya vanishi au ukaona moshi, zima kwenye swichi kuu, usimwage maji. Mota hiyo isiwashwe tena "kujaribu tu" mpaka ipimwe kwa mega, kifaa cha kupima insulesheni kwa volti kubwa.

"Imeungua. Ilikuwa nini?"

Fungua mota kabla koili hazijakatwa, na ukiweza simama pale fundi anapofungua. Koili zenyewe zinasema.

Zote zikiwa nyeusi sawasawa kuzunguka, mzigo ulizidi, au haikupoa, au ilikwama huku rilei ikiwa imerukwa. Mota ya nyota yenye fezi mbili nyeusi na moja yenye rangi nzuri ilipoteza fezi ikiwa kazini. Mota iliyokuwa ikizunguka haisimami fezi ikikatika. Inaendelea kwa mbili zilizobaki, ikibeba zaidi ya mara moja na nusu ya ampea zake, mpaka koili hizo ziive. Kwa mota ya pembetatu ni kinyume: fezi moja nyeusi, mbili nzima. Alama hiyo ukiiona, tatizo lako liko kwenye fyuzi, kontakta au laini. Usirudishe mota iliyosukwa bila kuweka kifaa cha kulinda kupotea kwa fezi, ambacho bei yake ni ndogo sana mbele ya gharama ya kusuka.

Doa dogo jeusi mahali pamoja, mengine yote safi, ni shoti kati ya mizunguko ya waya au kati ya koili na chuma. Hutokana na unyevu, insulesheni iliyochubuka wakati wa kusuka, au mtetemo. Chuma cha stata kikiwa kimesuguliwa mng'ao upande mmoja, beringi ziliisha rota ikaanza kugusa.

"Inapiga shoti ukiigusa"

Hapa hakuna hatua ya kwanza ya kujaribu mwenyewe. Zima, weka mtu wa kuzuia wengine, ita fundi. Pampu za ufukweni ndizo hatari zaidi kwa sababu aliyesimama kwenye maji au udongo mbichi ni njia nzuri ya umeme kwenda ardhini.

Fundi ataangalia kama waya wa ethi (wa kwenda ardhini) upo na umeshika. Mara nyingi haupo, au umefungwa kwenye boliti yenye kutu. Kisha ataondoa nyaya na kepasita, na kifaa cha kielektroniki cha kubadili kasi kama kipo, apime kwa mega ya volti 500 kwa dakika moja kati ya koili na ganda. Chini ya megaohmu 1 haiwashwi. Mota mpya nzuri husoma mamia. Mita ya kawaida haiwezi kazi hii: betri yake ndogo haioni uvujaji unaotokea kwenye volti 400. Kwa mota kubwa haiwezi hata kutofautisha koili moja na nyingine, kwa sababu ukinzani wake ni chini ya ohmu moja.

Mota iliyozama ziwa lilipopanda au mvua ilipojaa kwenye banda si lazima ifie hapo. Maji ya ziwa letu si ya chumvi, kinachosumbua zaidi ni tope. Ifunguliwe, ioshwe kwa maji safi, beringi zitolewe, ikaushwe kwenye oveni ya nyuzi 80 hadi 90 kwa saa nyingi, ipimwe mega mpaka namba itulie. Ukiiwasha ikiwa mbichi, umeiua. Baada ya matengenezo, pampu ya ufukweni iwekewe breka ya RCD ya miliampea 30, inayokata umeme ukianza kuvuja.

Kelele na mtetemo

Toa mkanda, washa. Kelele ikiondoka, ilikuwa ya kinu, puli isiyolingana au nyundo zisizo na uzito sawa. Ikibaki, zima umeme na uisikilize ikishuka. Mlio ukikatika papo hapo ni wa umeme. Ukiendelea mpaka isimame ni wa beringi. Beringi nyingi za mashine za kusaga huuawa na mkanda uliokazwa kupita kiasi, na baadhi kwa grisi iliyoshindiliwa mpaka ikavuka ndani kwenye koili. Usichanganye grisi za aina mbili.

Sindano ya ampea ikiyumba juu na chini kwa mpigo mmoja wakati mzigo umetulia, na mota imekuwa dhaifu, shuku fito za rota zilizovunjika. Hilo ni la karakana.

"Pampu inazunguka, maji hayaji"

Mara nyingi mota haina kosa. Pampu imepoteza maji yake ya kujazia, futi valvu (valvu ya mwisho wa bomba la kunyonya) imebanwa wazi na gugu maji au kijiti, au bomba la kunyonya linavuta hewa kwenye kiungo. Kama umeme wa njia tatu umetengenezwa karibuni, angalia mshale wa mwelekeo: ikizunguka kinyume hutoa maji kidogo au haitoi kabisa. Fundi abadilishe nyaya mbili zozote.

Ikiwa mota ya njia moja inalia kwa shida kuanza, pima urefu wa waya. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, mita 150 kutoka nyumbani hadi ziwani, ukibeba ampea 10 unapoteza karibu volti 22 njiani. Wakati wa kuanza ampea zinapanda mara kadhaa, na kinachofika kwenye mota hakitoshi kuisukuma. Kubadili kepasita hakutasaidia. Nunua waya mnene.

Ukimletea fundi mota

Usiioshe, usiifungue njiani. Piga picha ya kibati na ya kisanduku cha nyaya kabla ya kufungua, namna zilivyoungwa. Leta fyuzi iliyokatika na kontakta ya zamani. Mwambie ilikuwa inasaga nini, saa ngapi, kama taa za nyumba zilififia, kama rilei iliwahi kukata siku za karibuni, na kama kuna mtu aliyeipandisha.